Bosi anataka kuleta washauri wa nje watunyooshee mnyororo wa ugavi. Nani ashapitia hili hapa Mombasa?

StooKuu (mwenye uzi)

Salaam wadau wa Pwani na bara. Niko upande wa ununuzi na stoo kwenye kampuni moja hapa Mombasa, jina nalifunika. Tunaagiza vyombo vya nyumbani kutoka Uchina na India: chupa za chai, sahani za melamini, sufuria, majiko ya gesi. Wateja wetu ni maduka ya Biashara Street, Kongowea, Ukunda na Malindi, na mzigo kiasi hupanda Voi mpaka Nairobi.

Maradhi yetu ni haya. Godauni la Changamwe limejaa hadi juu, na bado mwenye duka akileta oda tunamwambia nusu yake haipo. Sahani za maua zisizotakiwa na mtu zimekaa mpaka katoni zimelegea kwa joto, huku chupa ya lita 2 ambayo kila duka linaiulizia iko baharini. Juu ya hapo, karibu kila mwezi kuna bili ya storeji na bili ya dimareji, na kila idara inamsukumia mwenzake. Ununuzi wanasema ni wakala wa forodha, wakala anasema ni ofisi yetu, mauzo wanasema ni stoo.

Bosi amechoka. Kaletewa pendekezo na washauri kutoka Nairobi: wiki kadhaa za uchunguzi, kisha miezi ya utekelezaji, na mwisho programu mpya ya kuendesha stoo. Ada yao nikiitaja mtadhani nimeongeza sifuri. Sehemu ya malipo wanataka iwe asilimia ya akiba itakayopatikana.

Sina neno na washauri. Nataka kujua tu: mtu wa nje analeta nini ambacho sisi wa ndani hatuna? Na kama lazima waje, mkataba uandikweje ili tusije tukabaki na slaidi? Watu wa forodha, wahasibu, madereva, wenye maduka, nawasikiliza nyote.

Kijana_Shimanzi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni wenu anakuja na invoisi, na wenyeji wa stoo ndio wa kwanza kupunguzwa 😂

MamaForodha

StooKuu mwanangu, kabla hujamlipa mtu hata shilingi, nenda kabatini. Toa faili za makontena ya mwaka uliopita. Kwa kila kontena andika tarehe hizi kwenye Excel: oda ilipotoka, malipo ya awali yalipotumwa, meli ilipoondoka, meli ilipofunga gati Kilindini, hati kamili zilipofika kwa wakala, entri (tamko la forodha) ilipoingizwa KRA, mamlaka ya mapato, kodi ilipolipwa, ruhusa ilipotoka, gari lilipotoka na mzigo, na kontena tupu liliporudishwa. Tarehe kumi tu. Zote ziko kwenye karatasi mlizonazo.

Nimeklia mizigo Mombasa miaka mingi, na nakuambia utakachokiona: siku nyingi haziko bandarini, ziko ofisini kwenu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu entri iingizwe kabla meli haijafika. Hati ya shehena, invoisi, orodha ya mzigo na cheti cha ukaguzi wa ubora kutoka nchi unakonunua zikiwa mezani kwangu meli ingali baharini, meli ikifunga mimi nishalipia. Lakini wateja wengi huniletea hati kontena liko chini tayari, saa ya storeji inagonga.

Na kwa nini hati huchelewa? Nikupe mfano wa mteja mmoja wangu, si nyinyi. Analipa mwenye kiwanda asilimia 30 mwanzo, 70 akishaona nakala ya hati ya shehena. Nakala ikaja kwa WhatsApp. Mhasibu akaiweka kando kwa sababu dola ilikuwa juu wiki ile, akingoja ishuke. Mwenye kiwanda naye akakataa kuachia hati. Meli ikafunga, kontena likakaa. Dola ikashuka kweli, mhasibu akasifiwa kwenye mkutano. Bili ya storeji na dimareji ikaja kwa idara nyingine kabisa, kubwa kuliko alichookoa mhasibu, na aliyegombezwa ni mimi. Hakuna mtu kwenye kampuni ile aliyewahi kuziona karatasi mbili zile juu ya meza moja.

Jingine: mnanunua kwa masharti gani? Kama ni CIF (bei ya muuzaji ikiwa na nauli na bima ndani), mwenye kiwanda ndiye aliyechagua kampuni ya meli, na siku za bure za kontena ni zile atakazopewa yeye, ambazo hana sababu ya kuzipigania. Mkinunua FOB (muuzaji anaishia kupakia melini), nyinyi ndio mnaotafuta meli, na siku za bure mnazijadili kabla kontena halijapakiwa. Mzigo ukishafika Kilindini kuomba nyongeza ni kubembeleza. Watu huchanganya bili hizi: storeji ni ya kukalia uwanja wa bandari au CFS (yadi binafsi ya makontena nje ya bandari), dimareji ni ya kukaa na kontena la kampuni ya meli kupita siku za bure, na hiyo inahesabiwa kwa dola. Unaweza kumaliza ya kwanza na ya pili ikaendelea kupanda, kontena liko kwenu Changamwe hamjalipakua.

Trela_Miritini

Hapo kwa kupakua Mama amenigusa. Nafika godauni saa kumi jioni, naambiwa makuli wameshaenda, nilale. Asubuhi mwenye ufunguo hajafika. Akifika, hakuna nafasi ndani, inabidi kwanza wahamishe mizigo ya zamani. Gari limesimama siku nzima kwa kontena moja la sufuria. Kisha tupu linarudishwa depo tuliyoambiwa, ukifika unaambiwa imejaa, nenda nyingine. Mwenye gari analipwa kwa safari, hivyo safari ijayo akiona kazi ni ya kampuni hiyo anataja bei nyingine. Washauri wenu wakija wambieni wakae getini siku moja tu, wasikae kwenye chumba chenye easi.

Sijasahau

Sisi tulileta. Sitaji kampuni wala washauri. Vijana wazuri, wamesoma, wanavaa vizuri. Walihoji kila mtu kwa wiki nzima, wakatuonyesha slaidi zenye mambo ambayo msimamizi wetu wa stoo alikuwa akiyalilia tangu zamani. Tofauti ni kwamba yeye akisema bosi anatazama simu, wao wakisema bosi anaandika.

Kilichoniudhi zaidi ni slaidi za hatari. Walitumia nusu saa kueleza mashambulio ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwisho wa 2023 na meli zinavyozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wetu wote unatoka Mundra na Ningbo! Meli ya kutoka India au Uchina kuja Mombasa haipiti Suez wala mlango wa bahari wa Bab el Mandeb. Ingekuwa tunanunua Uturuki au Italia sawa. Kwetu athari ilikuja kwa mlango wa nyuma: meli na makontena yalifungwa kwenye safari ndefu za Ulaya, nafasi ikapungua kila mahali na nauli ikapanda. Hilo ndilo lilitakiwa kuelezwa, na tufanye nini nauli ikipanda. Slaidi ile ilitengenezewa mteja mwingine, ikabadilishwa jina tu.

Programu waliyotuuzia tuliiacha. Baadaye tukasikia wana mgao kwa muuzaji wa programu.

MzeeWaUgavi

Nimekaa upande wa washauri miaka mingi, sasa nimepumzika Nyali, kwa hiyo naweza kusema bila kutafuta kazi.

Sijasahau yuko sawa, lakini aangalie tena alichokiandika: wao wakisema bosi anaandika. Hicho ndicho mnachonunua. Mtu wa nje anaingia kwa mhasibu, kwa mauzo, kwa stoo na kwa wakala wa forodha, anachukua namba zote, anaziweka mbele ya mwenye kampuni bila kuogopa nani atamnunia. Mhasibu wa kisa cha MamaForodha asingegunduliwa na mtu wa ndani, kwa sababu kila idara inapimwa kwa namba yake. Ununuzi wanapimwa kwa bei ya chini, basi wanaagiza kontena zima la sahani za maua kwa sababu bei ya kipande imeshuka. Mauzo wanapimwa kwa mauzo. Fedha wanapimwa kwa kutotoa pesa mapema. Kila mmoja anafaulu na kampuni inaumia.

Sasa niwape hesabu moja, maana hapa ndipo mshauri mwema hutofautiana na mbabaishaji. Watu wengi hudhani tatizo ni urefu wa safari. Kwa akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada mnaoweka msije mkaishiwa, tatizo kubwa ni kuyumba kwake. Tuseme mnauza chupa 120 kwa siku. Kutoka oda hadi mzigo kuingia godauni ni siku 75 kwa wastani, lakini mara ni 60, mara 95. Tuseme mkengeuko wake sanifu, yaani kipimo cha kuyumba huko, ni siku 14. Mkitaka msiishiwe kwa uhakika wa asilimia 95, akiba ya tahadhari ni 1.65 (namba ya takwimu ya uhakika huo) mara 120 mara 14: chupa 2,772. Mkiweza kuupunguza mkengeuko huo hadi siku 7, wastani ukibaki 75 ule ule, akiba inashuka hadi 1,386. Kama chupa inawagharimu shilingi 900, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.2 iliyokuwa imelala rafuni kwa bidhaa moja. Nimeacha kuyumba kwa mauzo, mkikuweka hesabu inakua kidogo, lakini njia ni ile ile.

Na mkengeuko huo mnaupunguza vipi? Si kwa programu. Ni kwa kulipa ile asilimia 70 siku iliyopangwa, hati kufika kabla ya meli, na makuli kuwepo saa kumi jioni. Bahari hamuiwezi, hizo tatu mnaziweza.

Kuhusu malipo kwa asilimia ya akiba: tahadhari sana. Anayelipwa kwa kupunguza stoki atapunguza stoki. Atafanya hivyo mwezi ambao mauzo yako chini, atapiga picha ya namba, atachukua chake, nanyi mtabaki na rafu tupu wateja wakija. Kama lazima asilimia iwepo, basi vipimo viwe viwili kwa pamoja: thamani ya stoki, na oda ngapi zimetoka kamili kwa siku iliyoahidiwa. Na kipimo cha mwanzo mkiandike nyinyi kabla hawajafika, kwa jedwali lile la MamaForodha. Msimwachie mshauri achague mwenyewe mahali pa kuanzia kuhesabu.

StooKuu

Mzee shikamoo. Hiyo ya oda kamili kwa siku iliyoahidiwa sisi hatuipimi kabisa. Tunapima mauzo tu. Oda ya katoni 40 tukitoa 25 tunaandika tumeuza 25, zile 15 hazipo popote kwenye vitabu.

MzeeWaUgavi

Marahaba. Basi hapo hapo. Zile 15 ndizo zilizokuwa ziwaambie muagize nini. Mnaagiza kwa kufuata mlichouza, na mlichouza ni kile mlichokuwa nacho. Ndiyo maana sahani za maua zinarudi.

Duka_Kongowea

Mimi ni mmoja wa mnaotuambia nusu haipo 😊 Acha niwape ya upande wetu.

Sisi wa maduka tukijua msambazaji wetu hutoa nusu, tunaandika mara mbili. Nataka katoni 10, naandika 20. Wenzangu wote sokoni wanafanya hivyo, hasa kuelekea Ramadhani. Nyinyi mnaona oda zimefumuka, mnakimbilia kuagiza kontena la ziada, likifika Idi imeshapita na sisi tumeshanunua kwa mwingine. Halafu mnatupigia simu za ofa.

Na hiyo Ramadhani washauri wengi haiwaingii. Kaka yangu yuko kampuni nyingine, programu yao ya utabiri ilikuwa inatazama mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Machi ya mwaka jana iliuza chupa sana, basi Machi hii leteni chupa. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka! 2024 iliingia karibu tarehe 12 Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, 2026 ilikuwa Februari. Sisi tunaanza kujaza duka Rajabu ikiisha tu, watu wanabadilisha vyombo Shaabani, wakati wa futari mtu ashanunua, halafu kunakuja wimbi la pili la siku za mwisho kwa ajili ya Idi. Kwa mwaka 2026 ilikuwa mbaya zaidi, Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 17 Februari, mwezi unaandama siku hizo hizo. Viwanda vya Uchina vimefungwa wiki kadhaa. Aliyekosa kuagiza mapema hakuwa na pa kukimbilia.

MzeeWaUgavi

Duka_Kongowea ungelipwa ada ya ushauri wewe. Hilo la kuandika oda mara mbili linajulikana kwenye taaluma kwa muda mrefu, Jay Forrester wa MIT alionyesha mwaka 1961 jinsi badiliko dogo kwa mteja wa mwisho linavyozidi kukua kila likipanda ngazi kuelekea kiwandani. Dawa yake ni msambazaji kuona kinachouzwa dukani, si kinachoandikwa kwenye oda. Hata maduka machache tu makubwa yakiwatumia hesabu ya kilichobaki kila Ijumaa, mtaona tofauti.

Na kwa tarehe: kwa siku 75, mzigo wa Shaabani ya 2026 ulitakiwa oda yake itoke Oktoba. Mnaopanga kwa kalenda moja tu, wekeni ya Hijria pembeni yake, na ya Kichina.

Hesabu_na_Kodi

Kwa niaba ya wahasibu, dola ikipanda sisi ndio tunaoitwa kwa bosi saa mbili asubuhi, msitusahau 😅

StooKuu, ada mliyotajiwa uliza kama ina VAT ndani, 16% si ndogo. Kwa mshauri mkazi wa Kenya mtakata kodi ya zuio 5% mpeleke KRA. Akiwa si mkazi ni 20%, na hapo ndipo ugomvi huzuka kwa sababu anataka apokee ada yake kamili na nyongeza ibebwe na nyinyi. Iandikwe mapema. Pia ulizeni kama wanaofanya kazi yenyewe wana usajili wa KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi Kenya, kuna sheria ya wataalamu wa ugavi tangu 2007. Na majina ya watakaokaa Changamwe yaandikwe kwenye mkataba. Mara nyingi anayekuja kuuza ni bingwa, anayekuja kufanya ni mtoto aliyemaliza chuo juzi.

Malipo gawanyeni kwa kazi iliyoonekana, msilipe kwa tarehe.

Kijana_Shimanzi

Kumbe uzi umekuwa wa maana, nafuta kicheko changu. Swali: mbona msichukue KRA ile hadhi ya AEO, ya mfanyabiashara anayeaminiwa na forodha, mizigo ipite haraka?

MamaForodha

Inafaa, lakini hiyo hupewa mwenye rekodi safi ya kodi na vitabu vilivyonyooka, na inachukua muda kukaguliwa. Waweke kwenye mpango wa mwaka ujao. Kwa sasa watu hawa hati zao zenyewe zinachelewa, hadhi itawasaidia nini.

StooKuu

Narudi na mrejesho. Nimekaa na faili kama Mama alivyosema, msaidizi wangu akisoma tarehe nami nikiandika. Ilichosha maana hati nyingine zina muhuri juu ya tarehe. Sijamaliza zote, lakini kwenye nilizopitia, zaidi ya nusu ya entri ziliingizwa baada ya meli kufunga gati. Na zile zilizochelewa sana karibu zote zina kitu kimoja: salio la mwenye kiwanda lililipwa mwisho mwisho. Mzigo wa India, ambao tunalipa kwa utaratibu mwingine wa benki, hauna shida hiyo. Bandari ni ile ile, wakala ni yule yule.

Nilimpelekea bosi karatasi moja tu. Akaisoma, akamwita mhasibu, wakafunga mlango. Sijui walisema nini, ila salio la kontena linaloondoka Ningbo wiki hii limelipwa jana.

Washauri bado anawataka, na sasa naona sababu. Ila ameniambia nimwandikie masharti mapya, na hivi ndivyo nilivyoandika: uchunguzi pekee kwanza, programu itolewe kabisa kwenye mkataba huu, waape kwa maandishi kwamba hawana mgao kwa muuzaji yeyote, asilimia ya akiba iondoke, na wakikataa basi kipimo kiwe kile cha Mzee cha stoki pamoja na oda kamili, waanze na jedwali letu, na mmoja wao akae getini na stoo siku za makontena. Pia wamfundishe msaidizi wangu kufanya hesabu ya akiba ya tahadhari peke yake, bidhaa kwa bidhaa, kabla ya malipo ya mwisho.

Jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba kuitoa programu "kunapunguza thamani ya suluhisho". Bosi akacheka. Jana wamerudi na bei mpya, iko chini sana ya ile ya kwanza.

Sijasahau

Ongeza moja: msimkubali mshauri anayependekeza kupunguza watu kabla hajajua nani anafanya nini. Kwetu walimtoa mzee aliyekuwa akijua kila katoni iko wapi. Hayo hayakuwa kwenye mfumo wowote.

StooKuu

Nimeongeza. Ahsante.

Trela_Miritini

Na mizigo ya Nairobi je? Mnapeleka kwa gari au mnapakia SGR, reli ya Nairobi? Hapa ndipo pesa ilipo.

MamaForodha

Trela wewe unatetea mkate wako 😄 Tangu Septemba 2022 serikali iliporudisha uondoaji wa mizigo Mombasa, mwenye mzigo anachagua gari au reli. Hesabu yake ni ndefu: nauli ya reli, gari la kutoka Embakasi, reli inakoshusha Nairobi, hadi kwa mteja, na tupu linarudi wapi kwa gharama ya nani. Fungua uzi wake, nitakuja.